Tamthilia Hupendekezwa na Watu

Tangu Netflix ilipofungua huduma yake ya filamu na tamthilia kwa intaneti katika nchi zaidi ya 130 kwa siku moja, tarehe 6 Januari 2016, Tanzania na Kenya zikiwamo, umejengeka miongoni mwa watazamaji, wauzaji wa huduma za namna hiyo na hata baadhi ya waandishi wa habari za burudani mtazamo unaorudiwa mara nyingi kiasi cha kudhaniwa kuwa ni ukweli usiohitaji kuthibitishwa. Mtazamo huo unadai kwamba mtu hana haja tena ya kuuliza atazame nini, kwa kuwa huduma yenyewe inamjua. Kwamba orodha ya tamthilia 10 zinazotazamwa zaidi nchini ni kipimo tosha cha ubora. Na kwamba mazungumzo ya watu kuhusu tamthilia, yawe ya sebuleni, ya saluni au ya kwenye makundi ya WhatsApp, ni porojo za kupitisha wakati. Makala haya yanaupinga mtazamo huo katika sehemu zake zote tatu. Yanashikilia kwamba kupendekeza tamthilia ni kutoa hoja, kwamba hoja huhitaji mtu anayeweza kuulizwa akajibu, na kwamba tamthilia isiyojadiliwa imetazamwa nusu tu.

Ni haki kwanza kuueleza mfumo unaosifiwa, kwa sababu wengi wanaousifu hawajauchunguza. Mfumo wa mapendekezo ni programu ya kompyuta inayoweka kumbukumbu za kila mteja, yaani alichokifungua, dakika aliyoachia, alichokirudia na saa aliyokitazama, kisha ikazilinganisha na za wateja wengine wenye mwenendo unaofanana na wake, na mwishowe ikakisia ni kitu gani hatakiacha akiwekewa mbele yake. Mwaka 2006 Netflix, ambayo wakati huo ilikuwa ikikodisha DVD kwa njia ya posta, ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa yeyote ambaye angeongeza usahihi wa makisio hayo kwa asilimia 10, ikawapa washindani alama zaidi ya milioni 100 zilizotolewa na wateja wapatao 480,000. Zawadi ilipata mwenyewe mwaka 2009, lakini mfumo kamili wa washindi haukuingizwa kazini, kwa kuwa usahihi ulioongezeka haukulingana na kazi ya kuujenga, na kwa kuwa biashara ilikuwa imeshaanza kuhamia kwenye utiririshaji, yaani kumpelekea mteja picha kwa intaneti papo hapo anapozitazama.

Tukio lenye uzito zaidi lilikuja mwaka 2017, pale kampuni hiyo ilipoziondoa nyota 1 hadi 5 ambazo wateja walizitumia kupima kazi walizozitazama, ikaweka badala yake dole gumba la juu na la chini. Sababu iliyotolewa ilikuwa wazi: wateja walizoea kuzipa nyota nyingi kazi walizoziona za maana, kama vile filamu za hali halisi, ilhali walichokitazama zaidi ni vichekesho vyepesi ambavyo wenyewe walivipa nyota chache. Palikuwa basi na ushahidi wa aina mbili, hukumu ya mtu na mwenendo wake, na kampuni ikaegemea mwenendo. Kwa mfanyabiashara uamuzi huo una mantiki isiyopingika, lakini kwa mtu anayetafuta tamthilia nzuri maana yake ni kwamba kile alichokihukumu kwa akili yake kuwa bora kimepewa uzito mdogo kuliko kile alichokiacha kiendelee kwa sababu alikuwa amechoka. Mtu anaweza kutazama sehemu 8 mfululizo za tamthilia anayoidharau, kwa kuwa kila sehemu imekatwa penye taharuki. Mfumo utaandika kwamba ameipenda, na kesho utamletea nyingine ya namna ile ile. Hapo ndipo dai la kwanza, kwamba huduma inamjua mtazamaji, linapovunjika: kinachojulikana ni udhaifu wake wa usiku, na udhaifu wa mtu haujapata kuwa ndio mtu mzima.

Viongozi wawili wa Netflix, Carlos Gomez-Uribe na Neil Hunt, waliandika mwaka 2015 kwamba takriban asilimia 80 ya saa zinazotazamwa katika huduma hiyo hutokana na mapendekezo ya mfumo, na kwamba mteja hupoteza hamu baada ya sekunde 60 hadi 90 za kutafuta, akiwa ameangalia majina 10 hadi 20. Takwimu hizo hutajwa kama ushindi wa kompyuta. Zinasomeka pia kwa namna nyingine: kazi ya mfumo ni kumzuia mteja asiondoke katika dakika moja na nusu ya kwanza, na kila kilichobuniwa humo, pamoja na picha ya utangulizi ya tamthilia moja inayobadilishwa kulingana na mteja anayeiangalia, kinatumikia lengo hilo. Mteja aliyezoea hadithi za mapenzi huweza kuonyeshwa picha ya wapendanao, na aliyezoea mapigano akaonyeshwa bunduki, ingawa tamthilia ni ile ile. Rafiki anayeisifia tamthilia kwa kila mtu kulingana na anachotaka kusikia huitwa mnafiki, na ushauri wake huachwa.

Dai la pili ni la orodha ya 10 bora, iliyoanza kuonyeshwa kwa wateja mwaka 2020. Ni vyema ikaeleweka kwamba maana ya neno kutazama katika orodha za namna hii imebadilishwa na muuzaji mwenyewe zaidi ya mara moja katika miaka michache. Awali Netflix ilimhesabu kuwa mtazamaji yule aliyefika asilimia 70 ya filamu au ya sehemu moja ya tamthilia. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ikatosha mtu kutazama dakika 2. Mwaka 2021 ikaanza kuhesabiwa jumla ya saa. Na mwaka 2023 saa hizo zikaanza kugawanywa kwa urefu wa kazi husika. Kila kipimo kina sababu zake, na hakuna hata kimoja kinachouliza kama aliyetazama aliridhika, alikereka, au alilala kochini runinga ikiwaka.

Historia ya tamthilia yenyewe inatoa ushahidi mkali zaidi dhidi ya wingi kama kipimo. The Wire, iliyoonyeshwa na HBO kuanzia mwaka 2002 hadi 2008, haikuwa na watazamaji wengi katika misimu yake 5 wala haikupata tuzo ya Emmy, na kwa hesabu ya wingi ingestahili kukatishwa mapema. Iliokolewa kwa kiasi kikubwa na wahakiki walioitetea kwa maandishi, msimu baada ya msimu, wakieleza kwamba hadithi yake kuhusu polisi, bandari, shule na magazeti ya mji wa Baltimore ilihitaji subira kwa sababu ilikuwa ikijenga picha ya mji mzima. Leo hutajwa miongoni mwa tamthilia bora kuwahi kutengenezwa. Hwang Dong-hyuk, mtunzi wa tamthilia ya Kikorea Squid Game, alikaa na andiko lake kwa takriban miaka 10 akikataliwa na wenye fedha, hadi tamthilia ilipotoka Septemba 2021 na kuonyesha kwamba makisio yao yalikosea. Watetezi wa mfumo hutaja mfano wa La Casa de Papel, ambayo baada ya kupoteza watazamaji wengi katika runinga ya Hispania mwaka 2017 iliingizwa Netflix bila kampeni kubwa ya matangazo ikaenea duniani. Mfano huo ni wa kweli na unastahili kukubaliwa: huduma iliifikisha kazi mahali ambapo runinga moja ya Hispania isingeifikisha. Lakini kuifikisha kazi ni kuiweka sokoni. Waliowashawishi watu waivumilie sehemu ya kwanza, waliobishana kama mhusika wake mkuu, Profesa, ni shujaa au mhalifu, na waliovaa barakoa ya wahusika wake, yenye sura ya mchoraji Dalí, katika maandamano ya miji mbalimbali walikuwa watu, na hakuna safu ya mapendekezo iliyowafundisha kufanya hivyo.

Dai la tatu ndilo lenye mizizi mirefu zaidi, nalo hujificha nyuma ya msemo kwamba kila mtu na ladha yake. Kwa mujibu wa msemo huo, tamthilia haina ubora wa kujadiliwa bali ina wapenzi na wasioipenda, na kwa hiyo yatosha kompyuta imtafutie kila mpenzi kipenzi chake. Katika fasihi ya Kiswahili fikra hii ni ngeni. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923 na kuwapa washairi nafasi, wasomaji wa Kiswahili wamewazoea watunzi wanaojibizana hadharani, mmoja akitoa shairi la madai na mwingine akilijibu, kila mmoja akitakiwa kushinda kwa hoja na kwa ufundi kwa pamoja. Malumbano hayo yasingekuwa na maana kama ladha ingekuwa jambo la siri la moyo wa mtu. Yaliwezekana kwa sababu pande zote mbili ziliamini kwamba kazi ya sanaa ina mambo yanayoweza kuonyeshwa kwa kidole, yaani mahali ilipofaulu, mahali ilipoteleza, na kitu inachokisema kuhusu namna ya kuishi.

Mjadala wa tamthilia hufuata njia hiyo hiyo, hata kama wanaojadili hawajajiita wahakiki. Tamthilia ya Kituruki Muhteşem Yüzyıl, iliyorushwa na Azam TV kwa sauti za Kiswahili kwa jina la Sultan, ilizungumzwa katika nyumba nyingi za Tanzania, na swali lililowagawa watazamaji lilikuwa zito: je, Hürrem, aliyeingizwa katika jumba la Suleiman akiwa mtumwa, ni dhalimu aliyewaangamiza wenzake, au ni mwanamke aliyetumia silaha pekee zilizobaki mkononi mwake katika nyumba iliyompokonya uhuru, dini na jina? Anayesimama upande wa kwanza hutaja vitendo vyake. Anayesimama upande wa pili hutaja utaratibu wa jumba la kifalme ambapo mtoto wa kiume asiyerithi ufalme huweza kuuawa. Kila mmoja analazimika kurudi kwenye tamthilia kutafuta ushahidi, na kila mmoja anatoka akiwa ameiona vizuri zaidi kuliko alipokuwa peke yake. Huo ni uhakiki kwa maana kamili ya neno. Kuuita porojo kwa sababu hufanyika jikoni, na mara nyingi hufanywa na wanawake, ni dharau isiyo na msingi wa kitaaluma.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo kama hayo hupendeza lakini hayana athari yoyote inayoweza kupimwa. Athari hiyo imepimwa, na kimojawapo cha vipimo vinavyojulikana zaidi ulimwenguni kilifanyika Tanzania. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio Twende na Wakati, uliomhusu Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, na mkewe Tunu, ukikusudia kuzungumzia uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Kwa miaka miwili ya mwanzo, hadi mwaka 1995, eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili watafiti, akiwamo Everett Rogers, waweze kulinganisha maeneo yaliyousikia na eneo ambalo halikuusikia. Matokeo yalionyesha kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka katika maeneo ya matangazo, na kwamba moja ya njia kuu za mabadiliko hayo ilikuwa mazungumzo: mume na mke waliosikiliza walianza kuzungumza wao kwa wao, na majirani wakawauliza majirani. Mchezo haukumbadilisha msikilizaji aliye peke yake kwa nguvu ya mawimbi ya redio. Ulimpa watu wa kuwataja na jambo la kulianzia, na kazi iliyobaki ikafanywa na vinywa vya watu.

Hilo halikupaswa kuwashangaza wanataaluma, kwa sababu watafiti Elihu Katz na Paul Lazarsfeld walikuwa wameshaonyesha jambo la aina hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1955 kilichotokana na mahojiano na wanawake wapatao 800 wa mji wa Decatur, Marekani. Uchaguzi wa filamu za kutazama ulikuwa miongoni mwa mambo manne waliyoyachunguza, na waligundua kwamba ushauri wa mtu anayefahamika ulikuwa na nguvu ambayo matangazo ya moja kwa moja hayakuwa nayo. Afrika Mashariki iliijua kanuni hiyo kwa vitendo. Katika mabanda ya video, ambayo Watanzania huyaita vibanda umiza, filamu za kigeni zilitiwa sauti ya Kiswahili na wasimulizi kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya, ambao hawakutafsiri maneno tu: waliwaeleza wahusika, waliwalaumu, waliwaonya, na watazamaji wengi wakaichagua filamu kwa kufuata sauti ya msimulizi. Mtazamaji wa eneo hili hakuwahi kuipokea hadithi ya mbali akiwa ameachwa peke yake na skrini, na haijulikani kwa nini upweke huo uhesabiwe leo kuwa ni maendeleo.

Upo upungufu mwingine wa mfumo ambao unaigusa lugha ya Kiswahili moja kwa moja. Mfumo hukisia kesho kwa kutumia jana, na kwa hiyo hauna la kusema kuhusu kitu ambacho mteja na wenye mwenendo kama wake hawajawahi kukionja. Mwaka 2011 runinga ya taifa ya Tanzania, TBC, ilirusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, ambayo ilipata umaarufu kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Watazamaji waliokuwa na mazoea ya kutazama tamthilia za Kichina walikuwa wachache mno, na hapakuwa na kumbukumbu za mwenendo ambazo zingependekeza kazi hiyo. Waliamua watu walioona kwamba mvutano wa mkaza mwana na mavyaa unaeleweka Beijing kama unavyoeleweka Temeke.

Country Queen, tamthilia ya kwanza ya Kenya kutoka kama kazi ya Netflix, iliyozinduliwa tarehe 15 Julai 2022 ikiwa na sehemu 6, inaonyesha upande wa pili wa tatizo hilo. Inamhusu Akisa, mwanamke anayerudi kijijini kwao na kukuta kampuni ya madini ikiitolea macho ardhi ya wazee wake, na wahusika wake huzungumza Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine za Kenya kama Wakenya wanavyochanganya lugha kila siku. Mtazamaji wa Geita au wa Kwale, ambako uchimbaji wa madini umekuwa sehemu ya maisha na ya kesi za ardhi, ana sababu ya pekee ya kuitazama. Sababu hiyo haimo katika kumbukumbu za alichokitazama wiki iliyopita. Imo katika maisha yake, na anayeweza kuiona ni mtu anayemfahamu na aliyeitazama tamthilia.

Jambo hili lina uzito wa fedha pia, ingawa wanaoishi penye intaneti isiyo na kikomo hulisahau. Kwa maelezo ya Netflix yenyewe, saa moja ya picha ya kiwango cha kawaida hutumia hadi GB 1 ya intaneti, na picha ya ubora wa juu hadi GB 3. Kwa mtu anayenunua vifurushi vya simu, kujaribu tamthilia tatu mbovu ili kuifikia moja nzuri ni hasara ya kweli, na mpango wa bure ambao Netflix iliuanzisha Kenya mwaka 2021 ulikwisha mwaka 2023. Mtu wa namna hiyo anahitaji neno la mwenzake aliyetangulia kutazama zaidi kuliko mtu mwingine yeyote.

Hoja moja ya upande wa pili inastahili jibu la heshima, nayo ni kwamba watu huegemea upande, husifia kazi za ndugu zao, na siku hizi hulipwa ili wasifie. Ni kweli. Lakini mtu aliyelipwa anaweza kuulizwa, akagunduliwa, akapoteza sifa yake mbele ya waliomwamini, ilhali huduma ni muuzaji na mpendekezaji kwa wakati mmoja na haina wa kumwomba radhi inapopotosha. Hoja nyingine, kwamba tamthilia ni nyingi mno kwa mwanadamu kuzimaliza, inathibitisha haja ya kugawana kazi ya kutazama na kupashana habari.

Kikwazo kikubwa zaidi cha mjadala hutoka kwa watazamaji wenyewe, nacho ni hofu ya kuambiwa mwisho. Hofu hiyo imekua kiasi kwamba watu hukatazana kusema chochote zaidi ya kwamba tamthilia ni kali au ni mbaya, na pendekezo likabaki sifa tupu. Kumhifadhia mwenzako mshangao wa kwanza ni adabu njema. Kuufanya mshangao kuwa thamani yote ya kazi ni kosa. Wasikilizaji wa Utenzi wa Fumo Liyongo, ambao Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliuandika mwaka 1913, walijua kabla ya ubeti wa kwanza kwamba shujaa atauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, na walikaa kusikiliza kwa sababu walitaka kujua namna mtoto anavyofikishwa mahali pa kumuua baba. Tamthilia inayokufa mara mwisho wake unapojulikana haikuwa na mengi ya kuishi nayo.

Magazeti ya Kiswahili hutenga kurasa nzima kila siku kuchambua mechi, yakitaja dakika, mfumo wa uchezaji na kosa la beki, na wasomaji huyanunua kwa ajili ya uchambuzi huo, wakiukubali au wakiupinga. Tamthilia, ambazo huchukua saa nyingi za jioni za familia, hupewa habari za ndoa na ugomvi wa waigizaji. Wahariri wa Mwananchi, Nipashe na Taifa Leo wanao uwezo wa kutenga safu moja kwa wiki yenye jina la mwandishi, itakayoeleza tamthilia inasema nini, imejengwaje, imetafsiriwa au kutiwa sauti kwa ufundi gani, na inamfaa nani, na kisha kuchapisha barua za wanaompinga. Msomaji naye asingoje safu hiyo. Atakapoulizwa wiki hii mtu atazame nini, ataje tamthilia moja, aseme sababu mbili za kuisifia na kasoro moja aliyoiona, na awe tayari kubishiwa.